Mwanao Hakuwa Mkorofi, Kastori

Kastori, ndugu yangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Wewe sikuulizi. Padri anatuambia huko uliko hakuna malaria wala kusubiri mbolea, na mimi nimeamua kumwamini. Ngoja basi nikupe za huku, tena nianze na ile ambayo ungeniuliza kabla hata hujavuta kigoda: Odilia mzima. Ameng'oka meno mawili ya mbele, anacheka bila kuziba mdomo, na akisema "sisimizi" nyumba nzima tunaacha kula. Amerefuka. Miguu ni ile ile yako, miguu ya korongo. Yuko darasa la pili, na Jumamosi iliyopita alimsahihisha mke wangu hesabu mbele ya wateja, Yusta akajifanya amekasirika.

Najivuna, Kastori. Nakuandikia nikiwa najivuna, na sina mtu mwingine ambaye anaweza kuielewa furaha hii sawasawa. Watu hapa Mchombe wananipongeza, lakini wao wanampongeza mlezi. Wewe ndiye baba.

Ila sikuanza kujivuna jana wala juzi. Kuna njia tumepita, na sitaki uisikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyoteremka kutoka Mahenge, vijana wawili, tukasema tutalima mpunga msimu mmoja tupate cha kuanzia kisha turudi. Hatukurudi. Mimi nikapata mashine ya kukoboa, wewe ukapata mke, Mungu akamchukua mapema, ukabaki na kichanga mgongoni. Yusta alikuwa anakuja kumwogesha, na wewe unasimama mlangoni unamwelekeza kana kwamba hajawahi kuzaa. "Maji yasiwe ya moto, Mama Filbert." Naye: "Kastori, toka hapo." Nilikuwa nikikusikia unamwimbia yule mtoto njia nzima mnapokwenda shambani. Ulikuwa huna sauti nzuri, nikuambie ukweli. Mtoto hakujua. Kwake ile ilikuwa ndiyo sauti.

Halafu siku ile ya mvua. Ulikuwa umetoka naye Ifakara kumnunulia viatu vya shule, pikipiki ikateleza kwenye kile kidaraja, ukaanguka vibaya. Yeye hakupata hata mkwaruzo wa maana. Dereva wa Fuso aliyewakuta ndiye aliyekuja na habari, na ndiye aliyemleta Odilia kwangu, kambeba kifuani, kiatu kimoja kipya mguuni na kingine hakijulikani kiko wapi. Mtoto hakuwa analia. Hilo lilinitisha kuliko kilio.

Kwenye maziko alisimama kati yetu vizuri tu. Nyimbo ziliimbwa, akasimama. Katekista akasema tunyamaze kidogo tumwombee marehemu. Watu wakanyamaza. Odilia akamrukia katekista wa watu na kumng'ata mkono. Alimng'ata kweli, damu ikatoka. Nikamvuta, akanipiga mateke. Watu wakasema ni uchungu, mtoto amefiwa, yatapita.

Hayakupita. Nyumbani kwangu mchana alikuwa mtoto kama watoto. Alicheza kwenye rundo la pumba, alikula, alimfuata Yusta kisimani. Ikifika jioni, nimemaliza wateja, nimefunga kazi, nikaingia ndani kunawa, ndipo linapoanza. Atapindua sufuria. Atawatupia kuku mawe. Siku moja aliumwaga ugali wote wa moto jikoni, ikabaki kidogo tu umwunguze Yusta miguu. Ukimuuliza, "Odi, kwa nini?" anakutazama tu, macho makavu, kidevu juu. Unajua kidevu chenyewe, ni chako. Ukikiona unasema huyu ana kiburi.

Shuleni ikawa vile vile. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, Mwalimu Leokadia, mama mpole wa makamo, alinieleza hakuwa anamwelewa. Darasa likiwa na kelele, Odilia anaandika kwa utulivu. Mwalimu akisema, "Haya, kimya!" na watoto wakatulia, mtoto wako anaanza kugonga dawati kwa ngumi, anapiga yowe, anamchapa aliyekaa naye. Ukiwa mwalimu una watoto wamejaa hadi dirishani, utaona nini hapo? Utaona mtoto anayekupinga makusudi. Alichapwa. Baada ya fimbo ikawa mbaya zaidi. Mwisho mwalimu mkuu aliniita, akaniambia kwa upole, lakini akaniambia: tutafute mahali pengine pa kumpeleka, maana wazazi wanalalamika.

Maneno yakatembea. Wakasema ana mapepo. Wakasema mizimu ya kwenu haikutulizwa. Jirani mmoja akamletea Yusta jina la mganga wa huko juu Kisawasawa. Na habari zikamfikia mdogo wako Severini huko Mahenge, akaja. Alifika amevaa vizuri, akakaa, akatusalimu kwa heshima zote, kisha akasema alichojia. "Kaka Boni, nakushukuru. Lakini mtoto wa ukoo hawezi kuwa kichekesho ugenini. Nitamchukua nikamnyooshe." Nikamwuliza utamnyooshaje. Akasema, "Kama tulivyonyooshwa sisi."

Mimi na wewe tunajua mlivyonyooshwa. Mgongo wako niliuona tukioga mtoni.

Sikuwa na haki ya kumkatalia, Kastori. Yeye ni baba yake mdogo wa damu. Mimi ni rafiki tu. Nilimwomba anipe muda mpaka mpunga uishe kuvunwa. Akakubali, ila alimtazama mtoto kwa namna ambayo sikuipenda. Hakuwa na chuki. Alikuwa na woga. Mtu mzima anamwogopa mtoto wa miaka sita.

Ni Mwalimu Leokadia aliyetuonyesha njia. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa, akasema amesikia kuna dada mmoja Ifakara anayefanya tiba na watoto, si ya sindano, ni ya michezo na mazungumzo, tumjaribu kabla ya kukata tamaa. Yusta akasema twende. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini nilifunga mashine siku hiyo, tukaenda.

Anaitwa Kabula. Ni binti wa Kisukuma, wazazi wake ni wale waliokuja na ng'ombe huku bondeni, na yeye amezaliwa hapa hapa. Kijana, ana kicheko kikubwa. Nilimwita daktari, akasema, "Mimi si daktari, baba, niite jina langu." Chumba chake hakina meza. Kina godoro sakafuni, mito mizito, mipira, na kamba nene ya kubembea imening'inia darini. Odilia aliing'ang'ania ile kamba muda wote tulipokuwa tunaongea, anazunguka na kuzunguka, na yule dada akamwacha. Mimi nikawa namkemea ashuke, kwa sauti yangu hii ya mashineni. Kabula akaniuliza, "Baba, huwa unaongea hivyo siku zote?" Yusta alicheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu ututoke.

Tulimweleza yote. Tulipofika kwenye kiburi, akaninyooshea mkono kama anayesimamisha baiskeli. Akasema, "Baba, ukiwa unapita kwenye majani, ukakanyaga kitu laini, mguu unaruka kabla hujajua kama ni nyoka au kamba. Nani ameuamuru?"

Nikasema hakuna aliyeuamuru, unaruka wenyewe.

"Basi. Ndani yetu kuna sehemu, kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake ni kutulinda, na haisubiri ruhusa. Ya Odilia ilijifunza jambo siku ile barabarani. Kikitokea kitu chochote kinachofanana na siku ile, mwili wake unashtuka kama wako juu ya nyoka. Moyo unakwenda mbio, mikono inataka kupiga, miguu inataka kukimbia. Wakati huo ukimwambia kuwa na adabu, maneno hayafiki. Ni kama kumhubiria mtu anayezama."

Yusta akauliza, "Kwa hiyo hafanyi makusudi?"

"Hafanyi makusudi, mama. Na yeye mwenyewe hajui kwa nini amefanya. Mkimuuliza, ananyamaza kwa sababu hana jibu, nanyi mnaona kidevu."

Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza. Sote tulikuwa tunahesabu alichokifanya. Yeye alitaka kujua ni nini kilitokea kabla. Kabla ya kumwaga ugali, kulikuwa na nini? Kabla ya kugonga dawati? Nikasema hakuna kitu, dada, ndilo tatizo, kunakuwa kumetulia kabisa. Yusta akakumbuka siku nilipolala na homa mchana, nimejifunika gubigubi, Odilia akaja akanimwagia maji ya ndoo na kunipiga usoni akipiga kelele, "Amka! Amka!" Tulikuwa tumeiona ile kama ukorofi mwingine.

Hapo nikamkumbuka yule dereva wa Fuso. Siku ya msiba alinieleza jambo, sikulitilia maanani, nilikuwa na mengine. Alisema alipofika darajani pikipiki ilikuwa imelala na imeshazimika, pako kimya, mvua imekatika, na mtoto amekaa juu ya kifua chako anakupiga makofi, anakuambia uamke.

Injini ilikuwa inanguruma mliposafiri, Kastori. Ulikuwa unaimba, bila shaka. Halafu injini ikazimika na wewe ukanyamaza. Mimi kila jioni nilikuwa nazima mashine.

Nilitoka nje. Kuna ukuta pale uani, nikauegemea. Sitakueleza zaidi. Yusta alinifuata akasimama karibu, kisha tukarudi ndani, na mtoto alikuwa bado anazunguka na kamba yake.

Unajua nilivyo, nikishajua ubovu uko wapi nataka kuutengeneza hapo hapo. Nilimwambia Kabula nitaiacha mashine ingurume usiku kucha. Akacheka. Akasema dizeli yote ya Kilombero haitatosha, na hata ikitosha, siku moja mtoto atakutana na ukimya peke yake. Kazi yetu si kumfichia ukimya. Kazi yetu ni mwili wake ujifunze kwamba ukimya una watu ndani. Na akanionya kwamba mtoto hawezi kujituliza peke yake mpaka kwanza awe ametulizwa mara nyingi na mtu aliyetulia. Akaniangalia mimi. "Kwa hiyo tunaanza na baba."

Basi Boni wako akawekwa darasani. Nikajifunza kuongea taratibu. Usicheke. Mtu amekulia kwenye kelele za injini, amezoea kumpigia mteja kelele "Gunia lako hili?" sasa anaambiwa aongee kama anayembembeleza ndama. Nikajifunza, Odilia akianza, nisimkimbilie, nisimsimamie juu kama mnara, nichuchumae, nipumue mimi kwanza, nimwambie, "Niko hapa. Umeshtuka. Niko hapa." Siku za mwanzo nilijiona mpumbavu. Aliwahi kunipiga na mwiko nikiwa nimechuchumaa hivyo hivyo, na wateja wanatazama.

Kabula alitufundisha pia kwamba mwili ulioshtuka unapenda kazi nzito na mwendo unaojirudia. Yusta akasema kama ni hivyo kinu tunacho. Tukamtengenezea Odilia mchi mdogo. Jioni, kabla sijafunga kazi, yeye na mama yake mkubwa wanasimama kwenye kinu, tuh, tuh, wanapokezana, Yusta anaimba zile nyimbo za Kipogoro za bibi yake. Mimi natoka nawaambia, "Odi, nakaribia kuzima." Mwanzoni nilizima yeye akiwa mbali, kule kwenye mti wa mfenesi na Yusta kamshika mabega. Kisha karibu kidogo. Mwisho, siku moja alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa kibanda, akasema, "Baba mkubwa, nizime mimi." Nikamshika mkono, tukausukuma ule mkono wa injini pamoja. Ikakohoa, ikanyamaza. Alikuwa anatetemeka, nilisikia hadi kwenye vidole. Nikamwambia, "Nipo." Akauliza, "Na mama mkubwa?" Yusta akaitika kutoka kwenye kinu. Akatulia kidogo, kisha akaenda kunawa mikono kama mtu aliyetoka kazini.

Siku hiyo nilitamani uwe umekaa pale kwenye magunia ukiona.

Mwalimu Leokadia naye alifanya sehemu yake. Alikwenda Ifakara na sisi mara moja, kwa hiari yake. Aliporudi aliacha kusema "kimya!" Akitaka watoto watulie, anapiga makofi kwa mapigo, wao wanamjibu, wanashuka polepole, polepole, mpaka wanabaki wanagonga kidole kimoja tu. Na Odilia akapewa kazi ya kubeba madaftari yote kuyapeleka ofisini, mzigo wa kumshinda nusu. Mwalimu mkuu aliona kama mzaha. Baada ya muda akaanza kusimama dirishani kutazama, maana lile ndilo darasa lililokuwa limetulia kuliko yote.

Sikudanganyi kwamba ilinyooka moja kwa moja. Tukiwa tunajisifu, akavunja kioo cha ofisi ya shule kwa jiwe, siku walipofanya mtihani na msimamizi mgeni akawaamuru wanyamaze. Nilikata tamaa. Nilimwambia Kabula tumerudi tulikotoka. Akasema, "Kidonda kikianza kupona kinawasha, baba. Aliwahi kurudi mwenyewe kwa mwalimu baada ya kuharibu kitu?" Hakuwahi. Safari hii alirudi. Alisimama mbele ya ofisi, akamwambia Mwalimu Leokadia, "Mwili wangu uliogopa, mimi sikutaka." Watu wazima wangapi tunaowajua, Kastori, wanaweza kusema sentensi hiyo? Mimi niliirudia njia nzima kurudi nyumbani, nione kama mdomo wangu unaiweza. Kioo nilikibandika mwenyewe, yeye akinishikia msumari.

Kisha mpunga ukaisha kuvunwa, na Severini akarudi kama alivyoahidi. Alikuja na begi dogo la nguo za mtoto, jipya. Lile begi liliniuma kuliko maneno yake, kwa sababu lilikuwa zuri. Alikuwa amelichagua kwa upendo.

Ilikuwa mchana, msimu umepamba moto, wateja wamejaa mpaka barabarani, mashine inanguruma, vumbi la pumba limetanda. Odilia alimwamkia, "Shikamoo baba mdogo," akaitikiwa, akarudi kwenye magunia alipokuwa anacheza na wenzake. Severini akanivuta pembeni, inabidi tupigiane kelele masikioni. Nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza, mishipa ya fahamu, nyoka kwenye majani, yote yamenipotea. Hapo hapo mkanda wa injini ukakatika. Ulilia kama bunduki, nikakimbia nikazima. Kimya. Wote wale, na kimya.

Hatukuwa tumemwandaa. Hakuna kinu, hakuna Yusta, alikuwa kisimani. Watu wa Mchombe wanamjua Odilia. Niliwaona wanarudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mwanawe. Severini akavua nusu mkanda wake wa suruali, sijui hata kama alijijua.

Odilia alisimama. Uso umebadilika rangi, ngumi zimekazwa. Alimtazama mwenzake aliyekuwa karibu yake, nikajua sasa anampiga. Sikuweza kufika, magunia yalikuwa kati yetu. Nikachuchumaa pale nilipokuwa, nikapumua. Yeye akageuka ukutani. Akaweka viganja viwili kwenye ukuta wa kibanda akausukuma, akausukuma kwa nguvu zake zote kama anayetaka kulihamisha jengo, na nilimwona mgongo unapanda na kushuka. Kisha bila kugeuka, kwa sauti iliyopasuka katikati, akasema, "Baba mkubwa, mashine imezimika. Upo?"

Nikasema, "Nipo, Odi."

"Na baba mdogo yupo?"

Watu wakamgeukia Severini. Mdogo wako alikuwa bado kashika ule mkanda. Akauachia. Akasema, "Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Odilia akashusha mikono, akajipangusa uso na gauni, akamwambia mwenzake, "Tuendelee, ilikuwa zamu yangu." Wakaendelea.

Kastori, nimeona watu wanapewa vyeti, nimeona timu zinabeba kombe. Sijaona kitu kama kile.

Severini alikaa chini kwenye pumba na nguo zake zile nzuri. Akaniuliza amejifunza wapi. Nikamweleza yote, taratibu, na safari hii maneno yalikuja. Nilipofika kwenye kidaraja, na mtoto juu ya kifua chako, akainamisha kichwa. Baadaye akasema, "Mimi ningempiga kwa hilo. Ningempiga kila siku." Kisha akasema kwamba mtoto abaki Mchombe, yeye atakuja likizo kumwona, na begi analiacha. Alipokuwa anaondoka, tumeshaagana, akageuka na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, huyo dada wa Ifakara, anapokea na watu wazima?" Nimeambiwa ameshakwenda. Hajaniambia mwenyewe na mimi sijamuuliza.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Mkanda mpya upo. Mtoto hulala usingizi mzuri. Bado yapo yanayomshtua, mengine hatuyajui mpaka yatokee, lakini hakuna tena anayemwita mkorofi, na mapepo yamerudi kwa walioyazua. Mwanao ana roho ya ujasiri. Na wewe ulimpa mwanzo mzuri, nataka ulijue hilo. Kabula aliniambia, mtoto aliyewahi kubembelezwa sana huwa ana mahali pa kurudi. Mahali hapo ulipajenga wewe, na sauti yako hiyo mbaya.

Mwezi uliopita aliniuliza tukiwa tunapalilia, "Baba aliniita?" Nikajua anauliza siku ile. Nilitaka kumwambia ndiyo, aliliita jina lako. Lingekuwa neno tamu. Nikamwambia, "Sijui, Odi, sikuwepo." Akafikiri, akang'oa magugu mawili matatu, akasema, "Mimi niliita." Nikamwambia najua uliita. Tukaendelea kupalilia.

Ahadi yangu kwako ni hii. Sitamtungia hadithi. Akifika umri wa kutaka kujua zaidi, nitakwenda naye mpaka pale kidarajani mchana kweupe, tutakaa kando ya barabara, nitamwambia ninayoyajua, na nisiyoyajua nitamwambia siyajui. Nitamweleza pia ulivyokuwa ukicheka, ulivyoogopa vyura, ulivyomwekea Yusta masharti ya maji. Ataendelea kuitwa Odilia Kastori. Na katika nyumba yangu mwanao hatalelewa kwa kuogopwa, wala kwa kuogopeshwa.

Pumzika, ndugu yangu. Umefanya ya kutosha kuwa na haki ya kupumzika bila wasiwasi.

Wako wa Mahenge na wa Mchombe,
Boni